Kiwiko cha Mwalimu wa Kijerumani

Koti lake lilikuwa moja, la kijivu, na kiwiko cha kushoto kilikuwa cheupe mwaka mzima. Wageni walidhani ameegemea gunia la unga. Sisi tuliomjua tulifahamu kwamba ile ni chaki, na kwamba weupe ukizidi maana yake siku hiyo kuna mtu amesema uongo.

Ndivyo alivyofanya kazi. Mwanafunzi akitoa mfano wa kweli, kitu kilichompata yeye mwenyewe, Mwalimu aliuacha ubaoni hadi mwisho wa somo, hata ukiwa na makosa mengi kama viraka. Makosa aliyasahihisha kwa chaki nyekundu, bila kelele. Lakini mtu akibuni mfano, Mwalimu hakumgombeza. Aligeuka, akainua kiwiko, akaifuta sentensi nzima polepole, upande hadi upande, kama anayefuta kamasi za mtoto wa jirani. Kisha akamtazama anayefuata. Nimeona wanaume wenye ndevu wakifutwa namna ile, na nyuso zao zilisema wangependelea kofi.

Alikuwa mwalimu wa Kijerumani hapa Likasi. Najua inavyosikika. Hapa mtu anapata Kifaransa shuleni, Kiluba au Kibemba kwa nyanya yake, Kichina kidogo langoni mwa kiwanda, na Kiswahili hakuna anayekwenda kukitafuta kwa sababu kilimkuta mdomoni. Kijerumani kililetwa na habari. Zilienea habari hospitalini kwamba kule Ujerumani wazee ni wengi na wa kuwageuza kitandani hawatoshi, na muuguzi anayejua lugha yao anatumiwa tiketi. Basi watu wakaanza kuulizana mji mzima nani anajua Kijerumani. Alipatikana mmoja. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, na mara ya pili pia alikuwa mmoja.

Sikuwa mwanafunzi wake. Nauza samaki wa kukausha sokoni, samaki wa upande wa Kapolowe, na mudogo wangu Mado ndiye muuguzi. Mama hakutaka Mado atembee peke yake jioni, kwa hiyo nilifunga meza yangu, nikachukua beseni la samaki waliobaki, nikaenda kukaa nyuma ya darasa kama askari asiye na bunduki. Siku ya kwanza Mwalimu aliingia, akanusa, akauliza:

"Nani amekuya na maiti?"

"Ni samaki, Mwalimu," nikasema.

"Basi Samaki atakaa ku mulango."

Nikakaa mlangoni. Tangu hapo jina langu likawa Samaki, na hakuwahi kuuliza kama nina jingine.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma cha seremala mmoja. Upande wa mbele walipiga randa, upande wa nyuma tulipiga Kijerumani. Vumbi la mbao lilipita chini ya mlango na kila mtu alikohoa. Mwalimu alikohoa zaidi ya wote, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na hatukukitilia maanani. Tulisema ni mbao.

Kitabu chake cha kufundishia kilikuwa kimoja, kinene, bila jalada. Kilitokea upande wa Mulungwishi, kwa wamisheni waliokuwa wakisema Kiingereza. Hapo ndipo penye balaa. Kilikuwa kitabu cha kuwafundisha Waingereza Kijerumani. Cha kuwafundisha watu wa Kifaransa hakikuwepo Likasi nzima. Basi Mado na wenzake, ambao Kifaransa wamekinywa tangu darasa la kwanza, walilazimika kutoka kwenye Kiswahili, wapite kwenye Kiingereza wasichokijua, ndipo wafike Kijerumani wasichokijua pia. Ni sawa na mtu wa Likasi anayetaka kwenda Lubumbashi ukamwambia azunguke kwanza Kolwezi. Mtu mmoja alijaribu kukata njia, akauliza kitu kwa Kifaransa. Mwalimu alipiga marufuku Kifaransa darasani palepale, na alipiga marufuku hiyo kwa Kifaransa, tena cha matusi.

Alikuwa na vituko vya namna hiyo. Aliwakataza wanafunzi kuchelewa na yeye hakuvaa saa. Aliwaita wanawake wote "Bibi" kwa heshima kubwa kisha akawaliza. Chai hakunywa nyumbani kwa mtu yeyote, kwa sababu, alisema, mwenye kukupa chai leo kesho anataka umwachie makosa. Lakini samaki wangu aliwachukua. Samaki, alisema, haina chai.

Kitenzi alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kimoja cha Kiingereza, *leave*. Alikiandika juu kabisa ya ubao kama jina la mtakatifu, akatuambia Waingereza ni watu wavivu: wana neno hili moja, na wanalitumia kwa treni inayoondoka, kwa mwavuli uliousahau kanisani, kwa mume aliyemkimbia mke, kwa marehemu aliyebakiza nyumba, kwa mtu anayekuambia usimguse. Wote hao, leave. "Na sisi Waswahili tuko vilevile," alisema. "Kuacha, kuacha, kuacha. Mwanamuke ameachwa, mwavuli umeachwa. Mujerumani hapana. Mujerumani anakuuliza kwanza: imefanyika namna gani?"

Halafu alichora mishale. Treni: *abfahren*. Mwavuli: *liegen lassen*, yaani umeulaza mahali ukaondoka. Mume mkimbizi: *verlassen*. Marehemu na alichobakiza: *hinterlassen*. Na yule unayemwacha nyuma wewe unapokwenda mbele, kwa sababu huwezi kumbeba: *zurücklassen*. Hilo la mwisho linakatika katikati, kipande kimoja kinabaki karibu na mwenye kutenda na kipande kingine kinatupwa mwisho kabisa wa sentensi, na msikilizaji anangoja hadi mwisho ndipo ajue mtu amefanywa nini. Nilikuwa nakaa na beseni langu nikifikiri, hawa watu wangefaa sokoni. Bei wanaitaja mwishoni.

Kila mwanafunzi alitakiwa alete mfano wake kwa kila mshale. Wa kweli. Mtu mmoja aliuliza kwa nini asitunge tu, mtihani utajuaje? Mwalimu alijibu:

"Mwenye kutunga anachelewa. Kwanza anatafuta uongo, kisha anatafuta neno. Kazi mbili. Mwenye kusema kweli iko na kazi moja. Na tena mwenye kutunga anakohoaka mbele ya kusema. Angalieni, mutaona."

Hilo nalikubali. Nimekaa sokoni miaka mingi. Mteja anayesema mwenzangu wa meza ya tatu amempunguzia, kabla ya kusema hivyo hukohoa. Kidogo tu. Unamwambia aende kwa huyo wa meza ya tatu.

Sasa nieleze habari ya muuguzi wa Kapolowe, mwenzake Mado darasani, maana ukitaka kumjua Mwalimu lazima uisikie hiyo.

Alikuwa mwanamke mpana, mpole, mwenye sauti ya kwaya. Mume wake alikuwa mchimbaji katika machimbo ya Kamatanda. Siku moja shimo lilibomoka na watu walitolewa, wazima na wafu, na yeye hakuwa miongoni mwa wazima wala miongoni mwa wafu. Wengine walisema yuko chini bado. Wengine walisema siku ile hata hakushuka, na wamemwona Kolwezi na mwanamke mwenye duka la vinywaji. Yule mama aliishi hivyo, nusu mke nusu mjane, akiweka pembeni bukari, ugali wetu, ya mume kila jioni kwa tahadhari. Zamu yake ilipofika alisimama, akasema kwa Kiswahili kwanza, kama ilivyo kanuni:

"Bwana yangu aliniacha."

"Namna gani?" Mwalimu akauliza.

"Aliniacha tu, Mwalimu."

"Tu haiko mu Kijerumani. Alienda ao alikufa?"

Randa ya seremala ilinyamaza upande wa pili. Nadhani hata wao walikuwa wanasikiliza.

"Sijue, Mwalimu. Kamatanda ile..."

"Bibi, mimi siko polisi. Niko na mishale mbili. Kama alienda, ni verlassen. Kama alikufa, ni hinterlassen. Ya tatu sina. Chagua."

"Siwezi kuchagua bintu ya vile."

"Basi kaa. Na Ujerumani ikae."

Yule mama alishika ukingo wa benchi, na chaki ya Mwalimu ilikuwa inangoja hewani. Kisha akasema, "Alikufa," kwa ile sauti ya kwaya, wazi kabisa, na Mwalimu akaandika: ameacha mke. Akasahihisha kosa moja kwa chaki nyekundu. Akasema vizuri. Kesho yake yule mama alikuja amefunga kitambaa cheusi kichwani, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, hakuweka bukari pembeni. Aliniambia mwenyewe alipokuja kununua samaki. Alichukua wadogo, wa mtu mmoja.

Ndiye pekee wa kundi lile aliyefika Ujerumani. Na alipokwisha kufika, mume akatokea. Mzima, mnene, kutoka Kolwezi, akiuliza mke wake yuko wapi. Soko lilicheka hadi watu wakashika mbavu. Nilimpelekea Mwalimu habari hizo nikitaka kuona uso wake. Hakucheka. Alisimama, akaenda kwenye ubao ambao ulikuwa mtupu, akainua kiwiko, akafuta pale ambapo sentensi ya yule mama ilikuwa imeandikwa zamani, juu kushoto. Halafu akakaa.

Yeye mwenyewe, kumbuka, alitupa mifano yake pia. Mifano ya Hamburg. Alikuwa ameishi Hamburg, bandarini, akipakua kahawa. Alikuwa na mke huko, Mjerumani, mwenye nywele za rangi ya mchanga, na mke yule alimwacha. "Meine Frau hat mich verlassen," alisema, mke wangu aliniacha, na wanafunzi waliandika kwa huruma kubwa. Alisahau mwavuli kwenye kanisa fulani lenye mnara wa kijani. Treni ya mwisho iliondoka akiwa anakimbia. Kabla ya kila mfano alisafisha koo. Tulisema ni mbao.

Mado alikuwa hodari kuliko wote, na hapa lazima niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa.

Mado ana mtoto, Gracia. Alimzaa akiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, na baba wa mtoto hana nafasi katika habari hii kama alivyokosa nafasi katika maisha. Habari za Ujerumani zilipokuja, wakala aliyekuwa Lubumbashi alitaka wauguzi wasio na watoto. Mama akakata shauri upesi, kama anavyokata kila kitu. Gracia akaandikwa mtoto wa Mama, wa mwisho kuzaliwa. Si jambo la ajabu kwetu. Nyumba nyingi zina mtoto wa namna hiyo. Gracia alikuwa bado hajajua kusema vizuri, akafundishwa: yule ni yaya, yaani dada mkubwa. Mado alikubali kuwa dada wa mtoto wake, kwa miaka michache, ili baadaye awe mama mwenye kutuma vitu. Na kwenye fomu ya wakala akaandika hana mtoto.

Mtoto alijifunza haraka. Usiku wa homa alilia "Mama!" na Mama yetu ndiye aliyeamka. Mado alibaki amekaa kitandani, miguu chini, mikono mapajani.

Ilipofika zamu ya mshale wa mwisho, zurücklassen, Mado alisimama katika vumbi la mbao, na bila kusema Kiswahili kwanza, bila kukohoa, akatoa sentensi nzima: "Ich lasse meine Tochter zurück." Namwacha nyuma binti yangu.

Kijerumani changu ni cha mlangoni, lakini hilo nililielewa. Binti yangu. Nilikuwa sijamsikia akilitamka kwa lugha yoyote tangu siku ile Mama alipokata shauri. Mwalimu aliliacha ubaoni hadi mwisho wa somo. Hakukuwa na chaki nyekundu hata mahali pamoja. Na Mado, tulipokuwa tunarudi, alilirudia njiani, peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetembea na pipi mdomoni. Likawa ndilo neno lake. Akipika, akikunja nguo, Gracia akimvuta kanga, "Yaya, yaya!", yeye anamjibu kwa sentensi ile, na mtoto anacheka kwa sababu inasikika kama mtu anayepiga chafya.

Mimi ni mtu wa biashara. Niliona hatari. Nilichagua samaki wazuri, wale wapana, nikawafunga kwenye karatasi, nikaenda kwa Mwalimu kabla ya saa ya darasa.

"Mwalimu, nimekuya kubishana bei."

"Sina kitu ya kuuza, Samaki."

"Ule mufano ya Mado. Mumupe ingine. Aseme anaacha nyumba. Aseme anaacha imbwa."

"Iko na imbwa?"

"Hapana."

"Basi ataachaje imbwa?"

"Mwalimu, mu dosye yake, ile fomu ya wakala, bameandika hana mutoto. Ile neno inamuzoea mu kinywa. Siku moja itatoka."

Alifungua karatasi, akawatazama samaki, akawafunga tena vizuri.

"Mudogo yako iko na sentensi moja yenye kutoka bila kukohoa. Unataka nimunyanganye hiyo, nimupe ya imbwa? Atakohoa mbele ya Wajerumani."

"Akohoe! Kikohozi hakikatalishe mutu visa."

"Mimi ninafundisha kitenzi," alisema. "Dosye munafundisha nyinyi."

Wale samaki alibaki nao. Nilijaribu tena wiki iliyofuata, na samaki wengine, na jibu likawa lile lile. Nimebishana na Wachina, na askari wa barabarani. Sijawahi kupoteza mali mara mbili kwa mtu mmoja, ila yeye.

Wakala alituita Lubumbashi. Chumba kilikuwa safi, na ukutani palikuwa na skrini, na ndani ya skrini mwanamke wa Kijerumani mwenye miwani na uso mwema kabisa. Wasindikizaji tuliruhusiwa kukaa nyuma. Yule mwanamke aliuliza habari za kazi, Mado akajibu. Akauliza habari za kugeuza mgonjwa asipate vidonda, Mado akajibu kwa mikono na kwa maneno. Halafu, ili kumpumzisha, naliona hilo sasa, swali la adabu tu, la kumpasha mtu moto, akamuuliza kwa upole: anamwacha nani nyumbani?

Nilitaka akohoe. Nilimwomba Mungu kikohozi.

"Ich lasse meine Tochter zurück," Mado akasema, papo hapo, na kichwa kimeinuka.

Yule mwanamke alitabasamu. Alimsifu kwanza. Alisema Kijerumani chake ni kizuri sana, na matamshi ni mazuri. Ndipo akatazama chini kwenye karatasi zake, akafunua moja, akairudia, na uso wake mwema ukabaki mwema, lakini ukawa mwema kwa namna ya kuaga.

Hakuna aliyepiga kelele. Walieleza kwa Kifaransa, taratibu, kwamba tatizo si mtoto. Tatizo ni karatasi iliyosema uongo, na kwamba jina lake haliwezi kurudishwa kwenye orodha. Nje, Mado alinunua chupa ya maji, akainywa yote akiwa amesimama. Kisha akasema, "Yaya, nilisema muzuri?" Nikamwambia ndiyo.

Tuliporudi Likasi nilikwenda kwa Mwalimu peke yangu, bila samaki. Nilimkuta ananoa penseli kwa wembe. Nikamweleza yote. Alisikiliza, wembe umesimama. Nikamaliza, nikangoja, sijui nilikuwa nangoja nini, pole moja labda, hata ile ya bei rahisi.

"Alitumia kitenzi gani?" akauliza.

Nikamtajia sentensi.

"Kile kipande ya mwisho alikitia?"

"Alikitia."

Akatikisa kichwa kwa kukubali. "Kitenzi ni sawa," akasema, na akaendelea kunoa.

Nilitoka nje nikaketi kwenye rundo la mbao za seremala, nikazihesabu mara mbili.

Mji haukumhurumia Mado kuliko Mwalimu alivyomhurumia. Sokoni walimwita Ujerumani. "Ujerumani, umerudia lini? Kule baridi iko?" Muuza nyanya wa karibu nami alimwita hivyo mbele yangu, nikampima mizani yake hadharani, mara mbili, na tangu hapo akawa anamwita kwa jina. Wengine sikuweza kuwapima wote. Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa kimya. Mado alimwambia Mama: sasa siendi popote, nirudishieni mutoto. Mama akasema ngoja, kuna mawakala wengine, kuna Kanada, mtoto ameshazoea, utamchanganya akili. Mwaka ukapita juu ya neno hilo ngoja, na mwingine. Gracia akaanza shule na kwenye daftari lake, pale penye jina la mama, pakaandikwa jina la Mama yetu.

Mwalimu naye aliishiwa na watu. Vijana walikuja na simu. Unaandika neno la Kiingereza, Kijerumani kinatoka, tena kwa sauti ya mwanamke. Kijana mmoja alimwonyesha darasani: ameandika leave, amepata jibu moja, haraka. Mwalimu aliishika simu kwa vidole viwili.

"Haikukuuliza nani ameenda?"

"Hapana, Mwalimu."

"Haikukuuliza kama atarudia?"

"Ni simu, Mwalimu."

Akamrudishia. Mwezi ule darasa lilikuwa na watu wawili, na uliofuata lilikuwa na mbao.

Mara ya mwisho nilimwona hospitalini, wodi ya wanaume, ambako Mado anafanya kazi. Nilikuwa nimempelekea Mado chakula cha mchana, na Gracia alikuwa nami kwa kuwa shule ilifungwa. Sasa ni msichana wa miguu mirefu, anabeba sufuria bila kumwaga. Mwalimu alikuwa kitanda cha pembeni, kifua kimemshika. Kwetu mgonjwa huja na ndugu wa kumlinda, wa kumpikia na kumpa maji, na muuguzi anafanya ya uuguzi. Yeye hakuwa na mtu. Chini ya kitanda chake hakukuwa na sufuria wala mkeka wa mlinzi. Koti la kijivu lilikuwa limekunjwa chini ya kichwa.

Alikuwa anakohoa, si kile kikohozi kifupi cha zamani, bali kirefu, cha kumkunja. Kilipomwacha akamwona Mado, akasema:

"Bibi. Maji."

Mado alikuwa na jagi mkononi. Alisimama pale miguuni pa kitanda, akiwa amevaa nguo nyeupe, amenyooka kama alivyokuwa akisimama mbele ya ubao.

"Mufano," akasema.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza kichwa.

"Nini?" Mwalimu akauliza.

"Kuacha. Mufano moja. Ya kweli."

Nikasema, "Mado." Hakunitazama.

Mwalimu alilamba midomo. Akakohoa kidogo, kile kifupi, nikakitambua kama ninavyotambua sauti ya mlango wa nyumbani. "Bibi yangu wa Hamburg..." akaanza.

Mado akainua kiwiko chake cha kushoto. Akakipitisha hewani, upande hadi upande, juu ya kitanda.

Mwalimu akafumba macho. Alipofumbua, alisema kwa Kiswahili, moja kwa moja, na kifua chake, kifua kile kilichokuwa kinapiga kelele mchana kutwa, hakikutoa sauti yoyote.

"Sijafika Hamburg. Sijafika fasi yoyote. Bibi sikukuwa naye. Hakuna mutu aliniacha, juu sikukuwa na mutu."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mado alimimina maji, akamwinua kichwa kwa mkono mmoja, vizuri, kama inavyotakiwa, akamnywesha. Akampangusa kidevu.

"Kitenzi ni sawa," akamwambia.

Angekwenda zake hapo, biashara ingekuwa imekwisha, kila mtu amepata chake. Lakini Gracia, ambaye hakuelewa chochote na sufuria ilikuwa inamchoma vidole, alisema, "Yaya, chakula inapoa."

Mwalimu akageuza macho. Alimtazama msichana, miguu mirefu, paji la uso la Mado, namna ya Mado ya kusimama. Kisha akamtazama Mado, na nikaona kwenye uso ule uliokwisha kukonda kitu cha darasani kikirudi.

"Sasa weye, Bibi," akasema. "Ule ni nani?"

Gracia alisubiri, akitabasamu, kwa kuwa swali lilikuwa linamhusu. Mado alimtazama mtoto. Mdomo wake ulifunguka. Niliona neno likija, nililiona kabisa, nilikuwa ninalijua kwa Kijerumani na kwa Kiswahili, na nilishika chuma cha kitanda.

Mado akakohoa.

"Ni mudogo yangu," akasema.

Alichukua jagi, akaenda kitanda kilichofuata. Gracia akamfuata na sufuria. Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa umelala juu ya shuka, na nikakiona kiwiko kikianza kusogea, polepole, upande hadi upande, upande hadi upande.